Wifi Glenda na Maneno Yangu

S.L.P. 41,
Wolodar, Saskatchewan.
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Lesia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku tambarare, ambako theluji imetuwahi mwaka huu na kabichi za mwisho nimezing'oa kwa koleo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na huko Yukon, jua limeshaanza kuwakimbia au bado mnaliona mchana? Greg hajambo? Kalyna naye naambiwa amekuwa mrefu kuliko mama yake, jambo ambalo si kazi kubwa, tusidanganyane.

Sisi tuko salama. Goti langu la kulia linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Walter yu mzima, anakula, anakoroma, anabishana na habari za saa sita. Friza imejaa, matairi ya baridi yamefungwa, na kwa hayo namshukuru Mungu.

Najua utashangaa kuona bahasha nene namna hii, maana miaka ya karibuni tumebaki watu wa kadi za Krismasi. Nimeandika kwa mkono makusudi. Barua hii ni moja tu, haina nakala mahali popote. Nina kosa la kukiri, na nimekukosea wewe. Nitalifikia, lakini niache nilizunguke kwanza, kwa sababu nikilianza kavu nitaogopa na kuiweka kalamu chini. Nakuomba usiichane barua kabla ya kufika mwisho.

Basi, wifi yetu Glenda.

Ndiyo, najua. Tangu kaka Orest alipomleta nyumbani na zile buti zake nyeupe sijamaliza wiki bila kumtaja. Alimchukua kaka, nikanyamaza. Akachukua sufuria kubwa ya mama, nikanyamaza mbele za watu. Mwaka huu kachukua maneno yangu.

Unaujua ule ukurasa wangu wa mtandaoni. Mwaka wa kumi na moja huu naandika kila Jumapili nikitoka kanisani: bustani, baridi, majirani, mama na visa vyake. Wasomaji wangu si umati, lakini wapo, na mmoja yuko Australia. Ukurasa ule ni kitu pekee nilichonacho ambacho Glenda hakukifanya kwanza au vizuri zaidi. Ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wa tisa niko duka la ushirika, nachagua viazi, akaja Stefka Baran, mwenyekiti wetu wa kina mama wa parokia, uso unang'aa.

"Verna, umeshasoma kitabu cha wifi yako?"

"Kitabu gani?"

"Ee, hujui! Visa vya hapa kwetu, amevikusanya vizuri kweli. Kile cha kabichi nimecheka mpaka mume wangu akadhani napaliwa. Yule mwanamke kajaliwa." Akanishika mkono, kwa upendo kabisa. "Na wewe siku moja ujaribu kuandika, shoga. Si umeshastaafu?"

Kisa cha kabichi ni changu, Lesia! Mama ni wangu, kabichi ni zangu, pipa lililopasuka ni langu, na aliyepigwa na kifuniko cha pipa kwenye paji la uso ni mimi. Niliviacha viazi palepale nikaenda kukaa garini.

Orest ndiye aliyeniletea nakala, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Kitabu kimefungwa kwa waya, kama vile vitabu vya mapishi vya kanisa, na jalada lina picha ya lile ghala letu jekundu. Visa thelathini na sita, vyote kutoka kwenye ukurasa wangu. Nikakifungulia katikati, nikasoma, nikakifunga, nikakifungua tena. Alikuwa amevipunguza. Kabichi mimi niliiandika kwa kurasa nne. Yeye kaiacha moja na nusu. Kaondoa maelezo yote ya hali ya hewa. Kisa kinakwenda mbio na kinachekesha kuliko changu.

Kukuandikia sentensi hiyo ya mwisho kumenitoa jasho. Ningeweza kuvumilia angeviharibu. Kwa nini aviboreshe?

Sasa sikia kilichonifunga mikono. Mwaka ule nilipoufungua ukurasa, nilikuwa na moyo mkubwa, na pia, nikiri, nilitaka nionekane nina moyo mkubwa. Nikaandika chini kabisa tangazo, likawa linatokea kila kisa kinapokwisha: "Chukua upendacho. Nakili, badilisha, chapa, mpe umpendaye. Usihangaike kuniomba ruhusa, na sitadai kirudi. Taja jina langu tu, na popote maneno haya yaendapo, tangazo hili liende nayo." Niliona nimeandika jambo la kiungwana. Nilimsomea Walter, akasema sawa, kuna chai?

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeniomba ruhusa, nami nilijivunia. Alipotokea wa kuchukua bila kuomba kama nilivyomwambia, roho ikaniuma kana kwamba ameingia na viatu vya tope mpaka chumbani.

Wivu ukishakukalia shingoni, Lesia, unakushauri kama rafiki. Kila nilipokwenda nilikisikia kitabu. Posta wanakitaja. Kwa daktari wa meno kimewekwa mezani. Orest akaniambia mwanamke fulani kamwandikia Glenda barua kumshukuru kwa kisa cha baba kuzika farasi, na alilia. Alimshukuru Glenda! Farasi yule nilimfuta mate mimi, kwa mikono hii. Nilipomwambia Walter akasema, "Lakini si jina lako limo?" Nikamwambia jina limo ukurasa wa kwanza, na nani katika dunia hii anasoma ukurasa wa kwanza?

Ndipo kina mama wakatangaza kwamba kitabu kitauzwa kwenye karamu ya vuli ya ukumbini, kuchangia tanuru jipya, kwa maana lile la zamani linatoa moshi kuliko joto. Nikaiona karamu yote: mimi nikipakua viazi, Glenda kaketi na kalamu, watu wamepanga foleni wasainiwe maneno yangu.

Jumatano asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, nikafungua kompyuta nikalifuta lile tangazo. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga mswaki. Chini ya visa vyangu pakawa peupe, kana kwamba sijawahi kusema neno. Kisha nikampigia simu Stefka nikamwambia, kwa sauti ya kuumia, kwamba sikumruhusu mtu yeyote kuchapa kazi yangu, na kwamba nasikitika parokia imeingizwa katika jambo kama hili.

Lilikuwa kosa la ovyo, la mtu asiyelijua hata tangazo lake mwenyewe. Wewe labda umeshaona lilipo. Mimi sikuona.

Alhamisi ilikuwa siku ya pirohi. Unakikumbuka kile chumba cha chini cha ukumbi: meza ndefu, wanawake kumi na tisa, unga hadi kwenye nyusi, kila mmoja anaweka viazi na jibini katikati ya kinyunya na kubana kingo. Maboksi ya kitabu yalikuwa yameondolewa mezani yakasukumwa chini ya ngazi. Niliyaona nikafurahi. Nakwambia ukweli wote, nilifurahi.

Stefka akakohoa. "Jamani, kuna jambo tulimalize kabla ya karamu. Glenda, Verna anasema hakukupa ruhusa."

Mikono yote ikasimama. Glenda akanitazama. "Umesema hivyo, wifi?"

"Nimesema," nikajibu. "Mimi sikumruhusu mtu. Anayebisha afungue ukurasa wangu aniletee hiyo ruhusa."

Nilitegemea alie, au apandishe sauti. Ningeshukuru sana kama angepandisha. Yeye akajifuta unga kwenye aproni, akaenda chini ya ngazi, akatoa kitabu kimoja, akampelekea Bibi Paraska Zelenko, ambaye ana miaka tisini na mbili na hana upande wowote isipokuwa wa Mungu. "Bibi, tusomee ukurasa wa kwanza."

Bibi Paraska akatoa kioo chake cha kukuzia, akasoma kwa ile sauti yake ya kusomea zaburi. Jina langu lote. Kisha tangazo langu lote, neno kwa neno, nakili, badilisha, chapa, usihangaike kuniomba. Chini yake tarehe aliyolinakili. Glenda aliliweka kwa kuwa nilimwagiza aliweke. Nilikuwa nimeifuta ruhusa kwenye kompyuta yangu, nayo imechapwa ndani ya maboksi sita chini ya ngazi.

Bibi Paraska akafunga kitabu. "Mbona umeruhusu vizuri tu, mwanangu," akasema. "Au ulisahau?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema ndiyo, nilisahau. Mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu, na unga mikononi, nikaongeza uongo juu ya uongo. Mtu mmoja upande wa jikoni akaguna, "Makubwa," halafu wakaendelea kubana pirohi, na hakuna aliyenitazama mpaka saa sita. Afadhali wangenizomea.

Nikakimbilia kuosha masufuria, kwa sababu pale nyuma hakuna anayekufuata. Glenda akanifuata. Akashika kitambaa akaanza kukausha. Nikashindwa kuvumilia.

"Haya, umeshinda," nikamwambia. "Furahi."

"Sikutaka kushinda kitu. Nilitaka kukuomba, Verna. Mwezi mzima nilishika simu nikaiweka. Nikisoma pale, usihangaike kuniomba, naona kama umefunga mlango umeweka kibao. Nikajisemea, huyu hataki usumbufu, hasa kutoka kwangu."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeaibika, na mimi nikiaibika nauma. Nikamwambia kitabu chenyewe ni kibovu, kwa sababu kisa kizuri kuliko vyote ameshindwa kukiweka. Kisa kilichosomwa na watu wengi kuliko vingine kumi kwa pamoja. Nikamwambia alikiacha kwa kijicho, kwa kuwa hakuna alichoweza kukiongezea wala kukipunguza, na kila mtu angejua mwandishi ni nani.

Unakijua kisa ninachokitaja, mdogo wangu. Mimi nilikuwa sijui kwamba unakijua.

Glenda akaiweka sufuria chini. "Kile hakikuwa chako."

"Cha nani basi? Nimekiandika kwa mikono yangu."

"Nilimpigia Lesia mwezi wa tano nikamwuliza. Akaniambia vingine vyote sawa, hata vile vinavyomtaja. Kile asikione kwenye karatasi maisha yake yote. Akaniomba nisikwambie. Leo umenilazimisha."

Nitakwambia kilichonijia kwanza, maana nimeapa barua hii haitakuwa na tangazo la kiungwana. Aibu haikutangulia. Kilichotangulia kilikuwa wivu. Kumbe mnapigiana simu! Kumbe Glenda ana namba yako, anajua habari zako, unamwamini kwa siri yako, na mimi niliyekubeba mgongoni kuvuka mfereji nakupata kwa kadi ya Krismasi. Nilisimama pale na maji ya sabuni yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nawaonea wivu nyote wawili. Baadaye sana, nikiwa njiani kurudi nyumbani, ndipo nilipojiuliza kwa nini ni yeye na si mimi, na jibu nilikuwa nalo.

Kosa langu ndilo hili. Ile Februari uliyokuja kukaa kwangu, baada ya kumzika Danylko wako, ulikuja kwa sababu kwangu palikuwa na mlango wa kufunga. Kila asubuhi ulivifua vile vinguo vyake ambavyo vilikuwa safi, ukavianika nje, vikaganda kwenye kamba, jioni ukaviingiza vimesimama vyenyewe. Ukaniambia, "Verna, usimwambie mtu, watasema nimerukwa na akili." Nikakuahidi. Sikumwambia mtu. Baada ya miaka minane nikawaambia watu wote kwa mpigo.

Sikuweka jina lako, na nilijidanganya kwamba hiyo yatosha. Wolodar nzima ilijua ni wewe. Nikaona maoni yanamiminika, mamia, watu wanalia, wananiita mwenye moyo. Nikayasoma yote, mengine mara mbili. Na chini ya kamba yako ya nguo, kama chini ya kabichi, palikuwa na tangazo langu: chukua, badilisha, mpe umpendaye. Nilikuwa nagawa.

Walter nilimweleza yote mezani. Aliacha kijiko kwenye supu yake ya borshchi akafikiri, jambo asilolifanya mara nyingi wakati wa kula. Akasema, "Mkuki kwa nguruwe, mama. Glenda alichukua ulichompa, ukataka kumla mzima. Wewe ulichukua alichokuomba Lesia ukifiche." Kisha akala.

Kesho yake nilimwandikia Stefka kwamba sikusahau. Nilifuta kwa makusudi na nilidanganya. Akaisoma mbele ya kina mama. Kitabu kimeuzwa kwenye karamu, chote. Mimi nilipakua viazi na Glenda alisaini, na kila aliyemfikia alimwonyesha kwa kalamu mahali nilipo: mwenyewe ni yule pale. Baadhi wakaja. Bado iliniuma. Sijapona, nisikudanganye.

Kisa chako nimekifuta kwenye ukurasa wangu. Nilifikiri hapo nimemaliza. Halafu nikakitafuta mtandaoni, nikakikuta mahali patatu pengine. Nikawaandikia wote watatu kuwasihi. Wawili wamekiondoa. Wa tatu ni mama mmoja wa Ohio mwenye ukurasa wa wazazi waliofiwa na watoto wachanga. Alinijibu kwa adabu sana. Kasema akina mama wanakisoma pale kila wiki, na mmoja kamwandikia kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba yeye si mwendawazimu. Kasema pia, "Lakini wewe ulituambia tusihangaike kukuomba, na kwamba hutadai kirudi." Kaambatisha tangazo langu nilikumbuke.

Nimeketi na jibu hilo siku nne. Sina la kumwambia kwa haki yangu, maana haki yangu niliigawa mwenyewe. Lakini yako sikuwa na mamlaka ya kuigawa. Nimemwandikia hivi: kisa si changu, kina mwenyewe, na neno la mwisho ni la mama wa mtoto. Amekubali. Amesema atafanya lolote utakaloamua, iwe kukiondoa au kukiacha, na hatauliza sababu. Sikumpa jina lako wala namba. Jina lake na anwani nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Mwandikie au usimwandikie. Ukiamua, si lazima uniambie umeamua nini, na mimi sitakwenda kuchungulia.

Nisalimie Greg na umbusu Kalyna. Shangazi Olha, akipita kwako Krismasi, mwambie mto wake wa manyoya bado ninao. Walter anakusalimu, Orest anakusalimu, na Glenda sina haja ya kukuletea salamu zake, mnaonana kwenye simu. Mungu akulinde katika giza la huko, akupe usingizi mzuri, na amlaze Danylko mahali pema, mtoto wako, ambaye sitaandika habari zake tena.

Nakupenda. Ndimi dada yako,
Verna